Mmewanyima Wazee Baraza kwa Dalili Gani?

 

Limezuka katika miji yetu ya pwani neno ambalo wenye kulisema wanadhani ni uchamungu. Wanasema: mtu aliyefikia umri wa kusahau majina ya wanawe hana tena haja ya bao, wala ya kahawa ya barazani, wala ya kupelekwa ufukweni kutazama vyombo vikiingia. Kilichombakia, kwa madai yao, ni tasbihi, kitanda na kuingoja siku yake. Mchezo ni laghwi, na laghwi kwa mtu aliyelikaribia kaburi ni aibu kwake na kwa wanawe. Basi mzee anaingizwa ndani, mlango unarudishwa, na jirani akiuliza anaambiwa: "Mzee amepumzika."

Makala haya ni ya kuwajibu wenye neno hilo. Nao si watu wa mbali. Ni wenzetu tunaosali nao safu moja, na baadhi yao wamekaa katika darsa zetu.

Wanavyuoni wa usuli wametufunza kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Basi na tuanze kwa kuujua ugonjwa. Watu wetu husema "uzee umempanda", au "amerudi utotoni", au "akili zimemruka", na wakishasema hivyo hudhani wameeleza. Madaktari wana neno lao, dimenshia, nalo si jina la uzee. Ni jina la hali inayoletwa na maradhi ya ubongo: kumbukumbu hupungua, kisha maneno, kisha uwezo wa kupanga mambo na kujihudumia. Maradhi yaliyo mashuhuri zaidi miongoni mwao yamepewa jina la tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeyaeleza mwaka 1906 baada ya kuuchunguza ubongo wa mwanamke mmoja aliyewahi kuwa mgonjwa wake. Mwanamke huyo alifariki akiwa na umri wa miaka 55. Je, huyo naye mtasema ni uzee? Mengine hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, na shinikizo la damu na kisukari visivyotibiwa ni katika sababu zake kubwa.

Na asidhani mtu kuwa haya ni maradhi ya Ulaya. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi nayo, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi zenye kipato kama chetu. Hapa Tanzania, utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba katika kila wazee 100 waliofikia miaka 70 na zaidi, takriban 6 walikuwa na hali hiyo. Zingatieni hesabu hii kwa pande zake zote mbili. Sita ni wengi, na hakuna msikiti wenye jamaa kubwa usio na nyumba ya namna hiyo. Lakini 94 walisalimika. Lau ungekuwa ni uzee tu, ungewakumba wote.

Hapa ndipo wanapotuletea hadithi ya Usama bin Sharik (R.A.), iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, ambamo Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu watafute tiba kisha akavua jambo moja, nalo ni ukongwe. Wanasema: mwaona, ukongwe hauna dawa, basi mwacheni mzee alivyo. Sisi hadithi hii tunaipokea kwa mikono miwili. Tunachokikataa ni matumizi yao. Kilichovuliwa ni kuponywa, hakikuvuliwa kuhudumiwa. Mtu asiyeweza kurudishiwa ujana hakukosa kwa hilo haki ya kuoshwa, kulishwa, kutembelewa na kufurahishwa. Tena tumekwisha kubainisha kwamba maradhi haya ni kitu na ukongwe ni kitu kingine, hata kama mara nyingi hukutana katika mwili mmoja. Na hali ya kutojua kitu baada ya kuwa mtu alikijua Mwenyezi Mungu ameitaja katika Suratun-Nahl aya ya 70 na Suratul-Hajj aya ya 5, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba kinga asirudishwe kwenye umri huo. Jambo ambalo Mtume aliliombea kinga ni mtihani. Aliyefikwa na mtihani husaidiwa, hafungiwi mlango.

Tuje kwenye faida ya mchezo na mapumziko kwa mgonjwa huyu, maana ndiyo asili ya ugomvi wetu.

Maradhi haya hayaondoi kila kitu kwa siku moja, wala hayaondoi kwa usawa. Kinachotangulia kuondoka ni kumbukumbu ya mambo mapya: amekula nini asubuhi, nani alikuja jana, funguo ameziweka wapi. Kinachochelewa kuondoka ni mambo ya zamani na yale ambayo mikono iliyajua kwa kuyarudiarudia miaka mingi. Ndiyo maana mzee asiyejua leo ni siku gani anaweza kukaa mbele ya bao lenye mashimo 32 na kete 64, na mkono wake ukatembea. Nahodha wa zamani aliyemsahau mjukuu wake atakutajia pepo za kaskazi na kusi na miezi yake. Bibi asiyekumbuka kama mumewe amefariki, mpe miyaa, vidole vitasuka ukili. Na wangapi tumewaona hawajui jina la mtoto aliyewabeba, lakini ukianza Suratu Yasin wanakupokea, na ukikosea wanakurudisha!

Basi saa ile ya baraza ndiyo saa ambayo mtu huyu bado ni mtu mwenye kujua kitu. Saa zilizobaki, kila anayemjia anamwonyesha asichokijua. Hilo pekee lingetosha kuwa dalili kwa mwenye huruma.

Lakini wapo wasioridhika mpaka waone utafiti. Mwaka 2003 huko Uingereza kulichapishwa matokeo ya majaribio kwa wagonjwa 201. Sehemu yao walikusanywa katika vikundi vidogo mara mbili kwa wiki, vikao 14 kwa jumla, kila kikao kama dakika 45, wakicheza michezo, wakizungumza habari za utotoni, za vyakula, za matumizi ya fedha, na kusikiliza nyimbo walizozijua. Wale waliokaa vikaoni walionekana kuwa na akili na hali ya maisha bora kuliko wenzao walioachwa na huduma za kawaida. Mwaka 2006 taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini humo ilipendekeza vikao vya namna hiyo kwa wagonjwa ambao hali zao hazijawa kali. Kisha njia hiyo ililetwa kwetu, katika wilaya ileile ya Hai, ikageuzwa ifanane na maisha ya wazee wa huko, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika akili na katika wasiwasi wa wagonjwa. Hawakupewa kidonge. Walikaa pamoja, wakazungumza, wakacheza. Wallahi, mtu akinieleza vikao hivyo bila kunitajia jina, nitadhani anaeleza baraza la babu zetu baina ya alasiri na magharibi.

Uadilifu unatulazimu tuseme na upande wa pili. Hatudai kuwa bao linaponya. Ugonjwa huendelea, na dawa ya kuuondoa haijapatikana. Wala hatudai kuwa aliyecheza bao ujanani amekingika. Upo utafiti mashuhuri wa New York uliochapishwa mwaka 2003, uliofuatilia watu 469 waliozidi miaka 75, ukaona kwamba waliokuwa wakisoma, kucheza michezo ya ubao na kupiga ala za muziki walipatwa kwa uchache zaidi. Lakini vitu viwili kwenda pamoja si hoja kuwa kimoja kimeleta kingine. Huenda aliyeanza kuugua kwa siri ndiye aliyeacha kucheza. Lenye nguvu zaidi ni hili: jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yanayohusishwa na takriban asilimia 45 ya maradhi haya, na miongoni mwake ni uziwi usiotibiwa, macho yasiyotibiwa, shinikizo la damu, kisukari, na kutengwa na watu. Kutengwa na watu! Nyinyi mnaomfungia mzee kwa kumhurumia, mnamlisha sababu mojawapo ya ugonjwa wake.

Wanarudi kwenye laghwi. Na tuingie humo humo.

Hanzala (R.A.) alidhani amekuwa mnafiki kwa sababu akiwa kwa Mtume (S.A.W.) moyo wake ulikuwa juu, na akirudi kwa mke na watoto hucheka na kusahau. Mtume hakumwambia aache kucheka na watoto. Alimfahamisha kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Hadithi iko kwa Muslim. Bi Aisha (R.A.) alisimamishwa nyuma ya bega la Mtume awatazame Wahabeshi wakicheza kwa mikuki ndani ya msikiti, wala hakuondoshwa mpaka alipochoka mwenyewe, iko kwa Bukhari na Muslim. Ikiwa mwenye afya na akili kamili ameachiwa saa yake, je, mgonjwa ambaye akili yake imebaki vipande?

Ama bao lenyewe, Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa pwani hii wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, ameharamisha mchezo wa nardi unaokwenda kwa kutupa dado, na sataranji akaiweka katika makuruhu tu. Mafakihi wa madhehebu wakaweka mizani: mchezo wa bahati una hukumu yake, na mchezo wa hesabu na fikra una hukumu nyingine. Kila aliyewahi kucheza bao anajua liko upande gani, madhali hakuna dau la fedha, wala sala haipitwi, wala matusi hayatolewi. Na hata tukikubali kuwa ni makuruhu, mafakihi wanasema karaha huondoka kwa haja iliyo ndogo. Haja gani iliyo kubwa kuliko ya mtu ambaye hilo ndilo limebaki likimwunganisha na wenzake? Tena msisahau kwamba kalamu imeinuliwa kwa asiye na akili mpaka arudiwe nayo. Mnamhukumu kwa laghwi mtu ambaye Mola wake hamwandikii!

Hapo tena ndugu mmoja aliyesoma elimu ya hadithi alinijia na hoja ya Jarir bin Hazim, nami naipa haki yake kwa sababu ni hoja ya msomi. Jarir alikuwa mpokezi mkubwa wa Basra; alipochanganyikiwa uzeeni, wanawe, ambao nao walikuwa watu wa hadithi, walimficha, na wanavyuoni wakawasifu kwa kitendo hicho. Ndugu yangu akasema: basi kumficha mzee ni sunna ya wema waliotangulia. Jibu letu ni kuwa walimficha na wanafunzi wa riwaya, ili asinukuliwe neno asilolidhibiti likaingia katika dini ya watu. Hawakumficha na jirani, wala na jua, wala na wazee wenzake. Na mnapocheza bao na mzee hamwandiki hadithi kutoka kwake. Bali ukitazama vitabu vya wapokezi utakuta adabu ambayo sisi tumeikosa: husema fulani alichanganyikiwa mwishoni mwa umri wake, wakatenganisha ya kabla na ya baada, na elimu yake ya kabla ikabaki na heshima yake. Hawakusema amekuwa mtoto.

Nimeshuhudia kwa macho yangu vijana wawili wa daawa wakilipita baraza moja baada ya sala ya alasiri. Palikuwa na wazee wanne na bao, na mmoja wao alikuwa mgonjwa wa maradhi haya. Fundi seremala wa zamani, ambaye wenzake humwekea zamu yake ya kucheza ingawa huwa anaweka kete asipotakiwa, nao huzirudisha kimyakimya na kuendelea. Vijana wakasimama, wakatoa waadhi wa kupoteza umri, wakalichukua lile bao wakaliweka ndani ya duka la jirani. Wale watatu walinyanyuka wakaenda zao. Yule wa nne alibaki amekaa, mikono yake ikitafuta mashimo juu ya saruji. Nataka vijana wale waniambie ni munkari gani waliouondoa siku ile, na ni maarufu gani waliyoiamrisha.

Na kuna mzee ambaye hata hilo hakulipata kamwe. Ni mama zetu. Mwanamume akiugua, angalau lipo baraza alilolizoea nje ya nyumba. Mwanamke akiugua huondolewa jikoni kwa kuhofiwa moto, huondolewa shughulini kwa kuhofiwa maneno yake, na hakuna anayefikiri kuwa naye alikuwa na starehe zake. Wekeni mbele yake sinia la mchele achambue, hata kama mchele huo umekwisha kuchambuliwa. Mpeni asumini atunge. Mpeni kofia na sindano akiwa bado anaweza, na asipoweza mpeni kofia aishike tu. Mkalisheni uani wanawake wanapozungumza, wala msimtume mtoto kumwondoa anapokariri kisa kilekile mara ya nne. Kwa mwenye kukisikiliza ni mara ya nne. Kwake yeye ni mara ya kwanza.

Wageni nao wana sehemu yao ya lawama. Mtu anaingia, salamu hajamaliza, anamwinamia mgonjwa usoni: "Unanijua mimi nani?" Huu ni mtihani, na mzee anajua kuwa ni mtihani, na anajua kuwa amefeli. Jitaje jina lako, kaa, anza habari za zamani, mengine yatakuja au hayatakuja. Wala kumweka mbele ya televisheni kuanzia asubuhi si kumburudisha. Huko ni kujipumzisha nyinyi. Na wale wanaompeleka kwa wenye kudai kutoa majini, akapigwa bakora kwa jina la ruqya, wamchunge Mwenyezi Mungu. Kumsomea Qur'ani ni heri na utulivu. Bakora juu ya mgongo wa mgonjwa ni dhulma, na Qur'ani haina uhusiano nayo.

Watasema: akitoka atapotea. Ni kweli, wagonjwa hawa hupotea, na wengi wao huzidi kuhangaika jua linapokaribia kuzama. Kwa hiyo asitoke peke yake. Atoke na mjukuu, na arudi kabla ya magharibi. Watasema: atatuaibisha, huenda akajikojolea mbele za watu. Na alipokuwa akikubebeni mkamkojolea nguo za Ijumaa, aliona aibu kwa nani? Mwenyezi Mungu katika Suratul-Israa aya ya 23 amewataja wazazi wanapofikiwa na uzee, akaweka neno "indaka", yaani kwako. Wafasiri wameeleza: katika nyumba yako na hifadhi yako. Na chumba cha uani chenye komeo kwa nje si hifadhi.

Tumezoea kuwasema Wazungu kwamba huwatupa wazazi wao. Basi wajue wasemao hivyo kuwa huko Uholanzi, katika mji wa Weesp, tangu mwaka 2009 kuna kijiji kiitwacho Hogeweyk kilichojengwa kwa ajili ya wagonjwa hawa, chenye duka, mkahawa na bustani, nao hutembea humo kwa uhuru. Wamelazimika kujenga kwa fedha nyingi kitu ambacho sisi mitaa yetu ilikuwa nacho bila malipo: kibaraza cha saruji, muuza kahawa, na watu wanaomjua mzee kwa jina. Sisi chetu tunakivunja kwa mikono yetu, kisha tunajisifu kuwa tunaishi na wazazi.

Linabaki suala la nani afanye kazi hii, maana maneno ya mimbari hayamtoi mzee nje. Katika nyumba nyingi anayemwosha, anayemlisha na anayekesha naye ni mwanamke mmoja, binti au mkaza mwana, na hapumziki. Msimwongezee jukumu la baraza. Kila msikiti unajua nyumba zake zenye wagonjwa. Imamu na kamati wapange zamu: vijana wawili baada ya alasiri, siku mbili tu kwa wiki, wamchukue mzee, wakae naye saa moja kwenye bao au kwenye kahawa, wamrudishe. Siku mbili kwa wiki ndicho kipimo kilekile cha vikao vya utafiti nilioutaja, na saa hiyo moja yule mwanamke atalala. Kina mama wa msikiti wawafanyie vivyo hivyo wagonjwa wa kike majumbani mwao. Kabla ya hayo mzee apimwe masikio, macho, sukari na shinikizo la damu, maana huenda anayedhaniwa amesahau hajasikia. Na wale vijana wawili wa daawa, nitawaomba kwa imamu wao wawe wa kwanza katika zamu hiyo, na waanze kwa kulitoa lile bao dukani.